Lenzi ya kutambua mefulai mtoni: ipi ununue kwanza

Mvuvi wa samaki aina ya trauti anayetumia nzi bandia (chambo kinachoiga mdudu) hahitaji jina kamili la kila mefulai, yule mdudu mdogo wa mtoni. Akijua jenasi tu, yaani kundi la spishi za karibu, nzi wa kufunga kwenye uzi anajulikana. Tatizo ni kwamba alama zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Namba moja, na ya pili iko mbali nyuma yake: lenzi ya kukunja ya mara 10 (inayokuza mara kumi) yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, kipenyo milimita 18 hadi 21. Vioo vitatu huondoa ule ukingo wa zambarau unaopotosha rangi ya mwili. Igusishe karibu na jicho, kisha msogeze mdudu mpaka milimita 25 hivi. Wengi huishika mbali kama wanasoma gazeti, halafu huilaumu lenzi.

Ukiwa nayo, Baetis aliyekomaa, mojawapo ya jenasi za mefulai, hakusumbui: mikia miwili, bawa la nyuma dogo kama kipele. Ephemerella ana mikia mitatu na bawa la nyuma la kuonekana. Tricorythodes hana bawa hilo kabisa. Kwa tunutu (mdudu mchanga anayeishi majini), hesabu kucha: mefulai ana ukucha mmoja kila mguu, stonfulai, mdudu mwingine wa mtoni, ana miwili. Usitegemee mikia peke yake, maana tunutu wa Epeorus ana miwili kama stonfulai na bado ni mefulai.

Ya pili ni lenzi ya kubana kwenye simu. Picha unabaki nayo, ila kingo hufifia na ni sehemu nyembamba tu inayoonekana vizuri. Muweke tunutu kwenye kisahani cheupe chenye maji kidogo. Mikia na matamvua (viungo vya kupumulia majini) hutawanyika badala ya kugandamana.

Hadubini ya macho mawili ni ya tatu kwa sababu haitoki nyumbani. Inafaa kwa vielelezo vya kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80. Piga picha kabla ya kuvitumbukiza, rangi huchujuka.

Kioo kikubwa cha kukuzia cha mara 3 kinatosha kufungia mafundo, basi.

Zile za bei rahisi zilizoandikwa "mara 30" ziache. Zipime hapo hapo dukani: tafuta umbali ambao maandishi yanaonekana vizuri, gawanya 250 kwa milimita hizo, jibu ndilo ukuzaji wake halisi. Ukipata milimita 25, umeshika mara 10 iliyobandikwa namba ya uongo. Na ikiwa kweli ni mara 30, mdudu atakaa milimita 8 tu kutoka kwenye kioo, kivuli cha lenzi kitamfunika, na mkono ukitikisika kidogo tu umempoteza.