Millennium Force mnaisifia kupita kiasi, mi naenda Magnum

Wadau, hili nimekaa nalo tangu msimu uliopita na leo naliandika lote. Mi nakaa Columbus, Ohio, na mtu anayependa rolakosta (zile treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) kukaa Ohio ni sawa na mpenda samaki kupata chumba cha kupanga jirani na Feri, yani unaendesha kama masaa mawili kwenda kaskazini uko Sandusky kwenye bustani ya michezo ya Cedar Point, ile iliyojengwa kwenye ulimi wa ardhi ulioingia Ziwa Erie, ukigeuka kusini saa moja na nusu hivi uko Mason kwenye bustani nyingine, Kings Island. Hii ni pasi yangu ya msimu ya sita. Nimezipanda asubuhi mlango ukifunguliwa, nimezipanda mvua ikinyunya, nimezipanda usiku zile dakika za mwisho, na nimekuwa nabadilisha siti makusudi ili nijue ipi inafanya nini.

Maoni yangu ni kwamba rolakosta ya Millennium Force pale Cedar Point inasifiwa zaidi ya inachotoa, na Magnum XL-200, ile ya mwaka 1989 ambayo watu wanaipita mbio wakiwahi foleni za zile mpya, ndo rolakosta bora palepale. Sisemi nzuri kwa umri wake, nasema bora.

Millennium Force naielewa kwa nini watu wanaipenda. Ilifunguliwa mwaka 2000, ina futi 310 kwenda juu, kama mita 94 hivi, na ilikuwa ya kwanza duniani ya mzunguko kamili (yani reli inazunguka mpaka inarudi ilipoanzia) kuvuka futi 300. Haipandishwi na mnyororo, inavutwa na kebo, kwa hiyo unafika kileleni haraka mno, hata dua hujaimaliza. Ule mteremko wa kwanza sina neno nao, nyuzi 80, ukikaa mbele unaona ardhi iko chini ya kidevu chako, unafika kilomita 150 kwa saa na machozi yanakimbilia masikioni. Safi sana. Sasa baada ya hapo? Kona kubwa, treni inalala ubavu, kona nyingine kubwa, treni inalala upande wa pili, unapita kwenye handaki, vilima viwili vitatu vinakuinua taratibu kama mtoto anayebebwa asiamke, kisha breki. Mita elfu mbili za reli na sehemu kubwa we umekandamizwa kwenye siti unaangalia miti inavyopita.

Hapa ndo natofautiana na wenzangu wengi. Kasi yenyewe mwili hauihisi. Ndege ya kwenda nyumbani inakimbia kilomita 900 kwa saa na we umekaa unakunywa chai, haimwagiki. Mwili unahisi pale kasi inapobadilika au njia inapobadilika, unaposukumwa, unapovutwa, unapoachwa hewani. Aliyepanda daladala akakaa siti ya nyuma kabisa analijua hili bila kufundishwa, dereva akilivamia tuta bila kupunguza mwendo, wa mbele wanatikisika tu ila wa nyuma wanagonga paa, na gari ilikuwa kwenye 50 tu. Ule sekunde moja matako yameachana na siti ndo kitu ninachokilipia mimi. Namba kubwa za ubaoni hazinihusu.

Kaka yangu yuko Abu Dhabi kikazi, nilimwambia lazima apande Formula Rossa pale Ferrari World, ile ya 2010 inayofyatuliwa mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama tano, mpaka wanakuvalisha miwani. Akapanda. Akanipigia akasema mdogo wangu, ule mfyatuo sijawahi kuona kitu kama kile maishani, ila ukishaisha ni upepo tu usoni, mimi nimerudia Flying Aces mara nne. Flying Aces iko bustani hiyohiyo, kasi yake ni nusu ya ile nyingine, ila inazunguka kitanzi kikubwa na kupanda vilima vya kukunyanyua. Kaka yangu hasomi mambo ya rolakosta wala hafuatilii, mwili wake ndo uliomwambia.

Haya, Magnum. Mwaka 1989 hakukuwa na rolakosta ya mzunguko kamili iliyofika futi 200, hii ikafika 205, mita 62, na baada yake bustani za Marekani zikaanza kushindana nani anajenga refu zaidi mpaka leo hawajaacha. Ilitengenezwa na Arrow, kampuni ya Utah, chini ya mhandisi Ron Toomer, ambaye kabla ya hapo alishafanya kazi kwenye ngao ya joto ya vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini, na ambaye safari za kuyumba zilikuwa zinamtia kichefuchefu kwa hiyo mwenyewe hakuwa mpandaji sana. Enzi hizo reli hazikuchorwa kwa kompyuta kama sasa hivi, ambapo kila pinda inalainishwa mpaka mwili unateleza kama siagi. Reli ya Magnum inapobadilika inabadilika ghafla. Watu wanaita hiyo kasoro, wanasema ni ngumu, inagonga, imezeeka. Mi nasema hapo ndo penye utamu wake wote.

Inaanza kwa kupanda na mnyororo, kla kla kla kla, polepole, na wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Ziwa lote unaliona, boti zinaonekana kama punje za mchele, upepo wa maji unakupiga, una muda wa kutosha wa kuogopa, na huo muda Millennium Force haikupi. Unashuka, unapanda kilima cha pili kirefu, unapita handakini, unafika mwisho kule inakogeuka na kujikunja, na mpaka hapo mgeni anaweza kusema mbona ya kawaida tu. Subiri sasa inapoanza kurudi. Vilima vya kurudi ni vifupi na vimechongoka, karibu umbo la paa la nyumba, na treni inavipiga vyote mfululizo, kila kilele kinakutoa kwenye siti sio kwa kukuinua, kwa kukurusha, chuma cha mapajani ndo kinakukamata, unarudi chini hujatulia kingine hicho hapo, handaki, giza, kingine. Mimi nilikulia kwenye boti za Unguja na najua bahari ikichafuka tumbo linavyobaki juu mwili ukishuka, ila hapa ni haraka mara kumi na huna pa kushika zaidi ya kile chuma.

Siti ni muhimu kuliko chochote. Behewa la kwanza, safu ya tatu. Washabiki wa siku nyingi wanaiita siti ya kurusha na jina linastahili. Ukikaa safu ya kwanza utapata ziwa na upepo, ukikaa nyuma kabisa utavutwa vizuri kwenye ule mteremko mkubwa, kwa sababu mbele ya treni ikishaanza kushuka inaivuta nyuma, kwa hiyo wa nyuma wanavuka kilele kwa kasi kuliko wa mbele walivyovuka. Ila kwa vile vilima vya kurudi ni hapo kwenye safu ya tatu. Wengi wanaosema Magnum haina kitu ukiwauliza mlikaa wapi hawakumbuki, walikaa walipoelekezwa, kwa hiyo naona hawajaipanda bado.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja likizo, ana miaka tisa, tukampima akawa amevuka sentimita 122 wanazotaka kwa Magnum kidogo tu, kama unene wa kiatu. Nikaanza naye Blue Streak, ya mbao, ya mwaka 1964, haifiki hata mita 25 kwenda juu, kasi yake mwendo wa bodaboda. Na hiyo nayo watu wanaidharau jamani! Vilima vyake vinanyanyua vizuri kuliko mashine nyingi za mamilioni, na ni sehemu nzuri ya kumfundisha mtoto kwamba kunyanyuliwa sio kuanguka. Halafu tukaenda Magnum. Njia nzima ya kurudi hakupiga kelele hata moja, nikapata wasiwasi, nikageuka kumwangalia, mdomo wazi, macho wazi. Tulipofika kwenye breki akasema, "Mjomba, nimepaa." Tukarudi kupanga foleni palepale. Jioni nikampeleka Millennium Force, akaifurahia, akasema ni ndefu. Nilipomuuliza kesho yake twende ipi kwanza hakufikiria.

Sio kwamba nachukia vitu vipya. Maverick ya 2007 naipenda kuliko Millennium Force bila kusita, na ina mita 32 tu kwenda juu, theluthi moja. Mteremko wake unapitiliza wima, nyuzi 95, yani unashuka huku unaingia chini ya ulikotoka, na katikati inaingia handakini inasimama karibu kabisa halafu inakufyatua tena. Kabla haijafunguliwa walichelewesha ufunguzi kwa sababu kuna msokoto mmoja ulikuwa mkali mno kwa mwili, wakautoa wakaweka reli iliyonyooka. Ukiipanda unauamini huo ukali, maana hata walichobakiza hakikuachi upumue. Mwenye siku moja tu pale aende hiyo asubuhi kabisa, foleni yake mchana haifai.

Steel Vengeance hapa ndo nitatukanwa. Ni ya 2018, walichukua mbao za Mean Streak ya zamani wakaweka reli za chuma juu yake, vichwa chini miguu juu mara nne, na sekunde zaidi ya 27 za kuwa hewani kama wanavyoitangaza wenyewe. Wengi wanaiweka namba moja duniani. Mimi naiweka ya tatu pale pale bustanini. Kazi waliyoifanya ni kubwa na kila sehemu moja moja ni tamu, ila hakuna mahali inaposhusha sauti, ni kama pilau ambayo kila tonge unatafuna hiliki nzima. Dakika mbili na nusu za kurushwa bila kituo, ikifika nusu mwili wangu umeshazoea, na ukishazoea kurushwa ule mshtuko haupo tena. Magnum inakuchelewesha, inakunyima, halafu inakupa yote mwishoni. Mi nataka kungojeshwa. Kama we unataka yote kwa pamoja basi Steel Vengeance ni yako na sitabishana na wewe, ila usiniambie sijui rolakosta.

Top Thrill 2 nitasema kidogo tu. Mita 128, kasi kama kilomita 193 kwa saa, na watu wote wanaongelea kilele. Kilele kinapita upesi sana. Kitu kizuri kwenye ile ni pale inapokufyatua kinyumenyume kuupanda ule mnara wa nyuma, unaishiwa mwendo kule juu, unaning'inia uso ukiangalia lami moja kwa moja na kwa sekunde hiyo hakuna anayepiga kelele. Kwa hiyo sekunde moja naisamehe foleni yote.

Chakula sina mengi, chipsi zao zinazokatwa na kukaangwa palepale zinaliwa na siki, watu wa huku wamekua nazo na mi nimezoea mpaka nyumbani naweka siki. Kula baada ya Magnum, sio kabla.

La mwisho ni The Beast kule Kings Island, kwa sababu nayo inaonewa. Ya mbao, ya mwaka 1979, mpaka leo ndo ya mbao ndefu kuliko zote duniani, zaidi ya mita 2,200, na safari inazidi dakika nne. Washabiki wa siku hizi wanasema inachosha, eti sehemu nyingi imenyooka tu, eti breki nyingi, eti mnyororo wa pili unakula muda. Hao wote nawauliza swali moja, mliipanda saa ngapi? Mchana nakubaliana nao nusu. Lakini reli yake imepita msituni, mbali na taa za bustani, na usiku hujui iliponyooka wala inapopinda, unasikia mbao zinalia, unanusa grisi na majani mabichi, matawi yako karibu na kichwa, na ule mnyororo wa pili wanaoulaumu ndo unaokupandisha polepole kwenye giza huku unajua kinachokuja ni ile kona kubwa ya kuzunguka ndani ya mahandaki, treni imelala ubavu, kelele ya mbao imejaa masikioni, na inaendelea kuzunguka pale unapodhani imeisha. Hamna kilima cha kukurusha, hamna kichwa chini, na bado naitetemekea kila mara.

Bustani inafunga usiku na ukiwa umeshaingia foleni kabla ya muda wa kufunga mara zote nilizoenda wametupandisha. Mi nakaa pembeni ya mlango wa Beast dakika ishirini kabla, naacha wenye haraka wapite, naingia mwisho mwisho, naomba siti ya nyuma.