Mashine ndogo ya kukereza mbao: ya kwanza niliiuza, ya pili ninayo

Gogo lilikuwa la mringaringa, upana wa inchi 10, kutoka shambani kwa baba mkwe Kibosho, mti ulioanguka juu ya migomba. Nilitaka kutoa bakuli. Nikalifunga kwa skrubu kwenye sahani ya chuma inayozungushwa na mashine ya kukereza, nikawasha. Meza nzima ikaanza kutembea sakafuni kuelekea mlangoni, na kabla sijaifikia swichi gogo likachomoka, likagonga ukuta, tofali likamegeka. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa ametoka pale muda mfupi tu. Nilichomoa waya nikakaa nje karibu nusu saa, moyo unadunda.

Hiyo mashine niliinunua Kariakoo kwa 850,000 na kuisafirisha mpaka Moshi. Nilivutiwa na urefu, karibu mita 1, na muuzaji alinisifia sana mota. Mimi sikuuliza inaweza kuzunguka taratibu kiasi gani. Ilikuwa na ngazi 4 za kuhamishia mkanda ili kubadili spidi, na ya chini kabisa ni mizunguko 850 kwa dakika.

Kesho yake nilimwita fundi seremala mmoja mzee wa Majengo aje aione. Nikamwamkia, akaizunguka mashine bila neno, akaupapasa mkanda, kisha akasema: "Kijana wangu, hii ni ya miguu ya vitanda. Bakuli halitaki haraka."

Alisema kweli. Mguu wa kitanda ni mwembamba, hata ukizunguka kasi ukingo wake hauendi mbali. Mbao pana ukingo wake unakimbia mno, na kama upande mmoja ni mzito, kila mzunguko ni pigo. Wakerezaji wana hesabu yao: zidisha kipenyo kwa inchi mara mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kwa inchi 10 ni 600 mpaka 900, na hapo tunazungumzia mbao ambayo imeshakuwa duara. Gogo bichi lililokatwa kwa msumeno lianzie chini zaidi ya hapo. Mimi sasa huanza na 300 hivi, napandisha kidogo kidogo, na nikisikia meza inatetemeka narudi chini.

Nikamuuzia fundi wa vitanda, nikamweleza wazi ni ya kazi gani, naye anaifurahia mpaka leo. Miezi 7 nikakusanya hela.

Niliyonayo sasa ni fupi na nzito. Reli yake ni ya chuma cha kusubu, kilo 40 na ushee, inameza mbao ya kipenyo cha inchi 12 na urefu wa inchi 18. Mota ni ya wati 750. Spidi inaanzia mizunguko 250, unaigeuza kwa kitufe, na bado ina mkanda wa ngazi 3. Huo mkanda msiudharau. Ukipunguza spidi kwa kitufe peke yake mota inalegea, patasi ikigusa tu mbao inasimama. Ukihamishia mkanda kwenye ngazi ya chini ndipo unapata nguvu ya kuchimba bakuli. Nililipa milioni 2 na laki 1, na sijajuta hata siku moja.

Kitu cha pili cha kuuliza ni nyuzi za pale mbele panapofungwa kishikio cha taya nne. Ya kwanza ilikuwa na nyuzi za inchi 3/4, na kishikio kizuri cha kuingia pale nilikitafuta Arusha na Moshi nikakikosa. Hii ni ya M33, yaani nyuzi za kipenyo cha milimita 33, saizi inayotumika sana Ulaya, na vishikio vyake vinapatikana kwa kuagiza. Za Marekani nyingi ni inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Ukikutana na mashine ya mtumba ya kutoka huko, tazama kibati cha mota kwanza. Nyingi ni za volti 110 mpaka 120 na hezi 60, sisi tuna 230 na hezi 50. Transfoma itashusha volti, hezi haizigusi.

Patasi zilizokuja na mashine niliziharibu mwenyewe. Nilipokuwa nanoa bobari, ile patasi yenye mdomo uliopinda kama mfereji, kwenye grenda ya mezani, ncha ikageuka rangi ya bluu, na tangu siku hiyo haikai na makali hata dakika 5. Ni chuma cha kaboni, kikipata joto vile ugumu wake unapotea. Nikanunua 3 za HSS, chuma kinachovumilia joto bila kupoteza ugumu, bobari mbili na patasi moja ya kukatia, ndizo ninazofanyia karibu kila kitu. Tengeni hela ya patasi, kishikio na ngao ya uso, maana ikijumlishwa inaweza kufika nusu ya bei ya mashine.

Kasoro zipo. Stendi haikuja nayo, nikajitengenezea ya mkaratusi na chini nikaweka magunia mawili ya mchanga. Mguu wa kiti mrefu haumo, inchi 18 ni fupi. Na umeme wa mtaani kwetu Rau jioni unapanda na kushuka, kwa hiyo nimeiwekea stebilaiza, maana kisanduku cha kudhibiti spidi sitaki kiungue.

Mkienda dukani, mwambieni muuzaji aiwashe kwenye spidi ya chini kabisa, halafu msimamishe sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo wake juu ya kichwa cha mashine. Aongeze spidi taratibu huku mnaiangalia sarafu, maana mashine ikitetemeka itaanguka. Kwenye mashine yangu sarafu haikuanguka mpaka mizunguko 1,500, muuzaji mwenyewe akainama kuitazama.