Wakala wa viza ya masomo ya Uingereza: kwa nini nampa nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Kwenye nyaraka wakala huyu wa hapa Dar yuko makini kweli. Kwenye kuchagua chuo na maisha ya baada ya masomo, msikilize huku umeshika kalamu.

Huduma yake ni bure kwa mwanafunzi, maana analipwa kamisheni na chuo ukishajiandikisha. Si siri wala si dhambi, ila ndiyo sababu nilipotaja chuo nilichokitaka, ambacho kwenye orodha yake kilikuwa chini kabisa, mazungumzo yakahamia vyuo vingine. Nikashikilia changu. Kazi akaifanya vilevile.

Alipostahili sifa ni kwenye pesa. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, anayesoma nje ya London anatakiwa aonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa, yaani pauni 10,539. London ni 1,529 kwa mwezi. Juu ya hapo weka ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa. Halafu pesa hiyo ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo, isishuke chini ya kiwango hata siku moja.

Sasa kwetu ada huchangwa. Baba mdogo ana fungu lake, shangazi ana lake, na kiwanja kimeuzwa Kibaha. Maofisa wa viza hawana habari na ukoo wako: akaunti iwe yako, au ya mzazi, au ya mlezi mwenye hati za kisheria. Ya baba mdogo haihesabiki hata kama ndiye aliyekusomesha tangu chekechea. Wakala alitueleza hili mapema, michango yote ikaingia kwa baba kabla siku hazijaanza kuhesabiwa. Akatutaka pia tuweke ziada ya kutosha, kwa kuwa shilingi hupigwa hesabu kwa viwango vya OANDA, tovuti ya kubadilisha fedha, si vya benki yako, na shilingi ikiyumba kidogo tu umepungukiwa.

Ndiye pia aliyegundua kwamba jina la baba kwenye cheti changu cha kuzaliwa limepishana herufi moja na lile la benki. Tukaenda kwa wakili kuapa. Mzee alinung'unika njia nzima, lakini cheti hicho na barua yake ya ridhaa ndivyo vinavyoonyesha kwamba ile pesa ni ya mzazi wangu na naruhusiwa kuitumia.

Usaili ulinishangaza kidogo, kwa sababu wa kwanza ulitoka chuoni, kwa video, kabla hawajanipa CAS, yaani uthibitisho wa chuo unaotumika kuombea viza. Vyuo vimekuwa vikali kwa hofu ya kupoteza leseni zao za kupokea wanafunzi wa kigeni. Kikomo cha maombi ya wanafunzi wao kukataliwa kilikuwa asilimia 10, na waraka wa serikali wa Mei 2025 ulitangaza kukishusha hadi 5. Wakala alinipa majibu ya kukariri. Niliyaacha mezani kwake. Niliulizwa kozi ina masomo gani na kwa nini nisiisome hapa nyumbani, mambo ambayo karatasi yake haikuyagusa kabisa.

Nyota nilizokata ni hizi. Kipeperushi chake bado kinasema ukimaliza shahada ya uzamili unabaki miaka miwili kutafuta kazi. Watakaoomba viza hiyo ya kubaki baada ya masomo kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18, na mimi niliyeanza Januari 2026 naangukia humo humo. Pia hakuniambia, hadi nilipomuuliza, kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida haruhusiwi kwenda na mke wala watoto. Mwenye familia anahitaji kulijua hilo siku ya kwanza.

Tena alitaka kufungua akaunti yangu ya maombi kwa barua pepe ya ofisi yake. Kataa. Viza siku hizi ni ya kielektroniki, na mwenye barua pepe ndiye mwenye ufunguo.

Malipo ya serikali unalipa mwenyewe: mimi nililipa pauni 524 za maombi na tozo ya afya pauni 1,164 kwa kozi ya mwaka mmoja, yote kabla ya kwenda kuweka alama za vidole. Kipimo cha kifua kikuu ni gharama nyingine. Ukinyimwa viza, tozo ya afya inarudishwa. Ada ya maombi hairudi.