Miezi tisa na vitambaa vya Cerakote kwenye bampa za Probox

Mwenye Probox ananielewa. Bampa zake hazikupigwa rangi, ni plastiki tupu nyeusi mbele na nyuma. Langu nalilaza nje huku Kisauni, uso umeelekea mashariki, na jua la asubuhi hulipiga kila siku. Bodi nyeupe bado inang'aa, ila bampa ya mbele ilishageuka rangi ya jivu, na ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe kama chaki. Mimi husambaza mahamri madukani alfajiri. Mteja huliona gari kabla hajaniona mimi, na nilikuwa naona haya kuegesha mlangoni pake.

Miaka mitatu nzima nililipia mafuta ya silikoni kila nilipopeleka gari kuoshwa. Jioni linameremeta, kesho yake vumbi lote limeganda pale pale, na mvua ikinyesha mafuta yanachuruzika yakiacha michirizi. Kijana mmoja akaniambia atarudisha weusi kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto. Alianza na kona ya bampa ya nyuma, na kweli weusi ulirudi nikiona kwa macho yangu, maana joto huyeyusha ile ngozi ya juu iliyochakazwa na jua. Lakini aliganda mahali pamoja, plastiki ikabonyea kama nta. Weusi haukufika Ramadhani, na kibonyeo kipo hadi leo.

Januari shemeji yangu alikuja kutoka Minneapolis akaniletea boksi la Cerakote la plastiki za nje. Ni kampuni ya Marekani inayojulikana zaidi kwa rangi ya seramiki ya kupaka bunduki. Ndani mna vitambaa 10 vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja na pakiti yake, na ahadi yao ni kwamba itahimili kuoshwa mara 200.

Kazi yenyewe iko kwenye kusafisha. Niliisugua bampa kwa brashi ya kufulia na sabuni ya vyombo, nikasuuza, na maji bado yakawa yanajikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba. Hapo ujue silikoni haijatoka. Nikarudia mara mbili, kisha nikafuta kwa spiriti ya duka la dawa mpaka kitambaa kikaacha kutoka na weusi. Nikaweka tepu ukingoni mwa rangi nyeupe, nikavaa glavu, nikangoja kivulini mpaka plastiki ikapoa na kukauka.

Kupaka hakukuchukua hata nusu saa. Unavuta kitambaa kwa mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, na plastiki inainywa ile dawa kama ardhi iliyokosa mvua. Bampa ya mbele pekee ilikula vitambaa vitatu. Fungua pakiti moja moja, kwani dawa hukauka upesi, na palipozidi futa papo hapo kwa kitambaa laini. Gari likalala chini ya banda la jirani usiku ule, lisiguswe na umande.

Asubuhi nilisimama nikalitazama. Si ule mng'ao wa mafuta, ni weusi uliotulia, weusi wa buibui jipya. Vumbi likikaa, nalifuta kwa kitambaa kikavu na haligandi. Masika yote imepita juu yake, nikaliosha kila wiki, na sasa ni Oktoba. Panapoanza kufifia ni sehemu moja tu, karibu na taa ya chini upande wa dereva, ambako maji yalikuwa yamejificha ndani ya tundu nami nikapaka bila kungoja yaishe. Kosa ni langu.

Kibonyeo cha nyuma hakikufichika. Sasa ni kibonyeo cheusi. Kama plastiki yako imepasuka au imeungua, hii dawa si yake.

Nimebakiwa na vitambaa viwili. Kimoja ni cha hapo karibu na taa, na safari hii nitangoja tundu likauke kabisa. Cha pili nimempa jirani mwenye banda, plastiki ya chini ya waipa zake imekuwa nyeupe kuliko ilivyokuwa yangu.