Bo Jackson na Cam Newton katika historia ya Auburn

Nani bora zaidi katika historia ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama: Bo Jackson au Cam Newton? Jackson alicheza huko misimu minne, akakimbia na mpira jumla ya yadi 4,303, na mwaka 1985 akatwaa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Cam Newton aliichezea Auburn msimu mmoja tu, wa 2010. Lakini katika msimu huo alitwaa Heisman, akaiongoza timu iliyokuwa nyuma kwa 24–0 kuwashinda mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Alabama, 28–27, kisha wakanyakua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Oregon 22–19. Kwa mataji Newton hana mpinzani; hata hivyo, kwa kudumu na kasi, mimi namchagua Jackson.