Hansard ya Bunge la Tanzania: msome mbunge wako mwenyewe

Ukitaka kujua mbunge wako anafanya nini Dodoma, achana na vipande vya video vya dakika moja. Soma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge, ni bure. Kiswahili chake kinasomeka, na hata makofi yameandikwa kwenye mabano. Mimi huanza na Maswali na Majibu ya asubuhi: mbunge anaulizia barabara ya jimboni, Serikali inajibu, kisha linakuja swali la nyongeza. Hapo ndipo unamwona aliyejiandaa! Majadiliano ya ndani ya kamati hayamo, na huko ndiko miswada inakochambuliwa sana. Mkutano wa bajeti, Aprili hadi Juni, naupenda kuliko yote. Natangulia na kilimo, maana kwetu tunalima pamba.