Duka la dawa Mwanakwerekwe walonisomea bahasha yangu

Jamani nataka nikisifu kiduka kimoja cha dawa, kiko Mwanakwerekwe hapa Unguja, jirani na soko, yuko mama mmoja mfamasia pale, Mungu ampe umri.

Mie nashona, nakaa ndani Mkunazini tokea asubuhi mpaka magharibi, nikitoka baibui na nikabu, na kichochoro chetu jua linapita kidogo tu mchana likaondoka. Nyonga na mapaja yakawa yananiuma, ngazi napanda nimeshika ukuta. Kila nnaemwambia anasema uzee na mie 40 sijafika. Wifi yangu alioko Leicester ndie alonambia kapime vitamini D, kule Uingereza watu weusi, Wahindi na wanaojifunika wanashauriwa wanywe mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, maana ngozi nyeusi inachelewa kuitengeneza kwa jua na jua lenyewe kule la kubahatisha. Anasema hata huko shoga zake wengi hawana habari. Nikamwambia wifi sie huku jua linatuunguza, akanambia linakuunguza wewe au linaunguza baibui? Nikanyamaza.

Nikapima, iko chini. Daktari akaniandikia, nikaingia duka la mwanzo nililolikuta njiani (silitaji), kijana akahesabu vidonge akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika kwa kalamu 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, basi, hata neno. Nikanywa siku tatu. Siku ya nne nimepita Mwanakwerekwe kumnunulia mamangu dawa ya kuchua, nikaona nimuulize yule mama hivi vinanywewa na chakula au kabla. Akavaa miwani, akaomba cheti, akaweka cheti na bahasha pamoja juu ya kaunta.

"Mwanangu, umeshakunywa vingapi?"

"Vitatu."

"Hivi vya yuniti 50,000. Kimoja kwa wiki, sio kwa siku."

Miguu iliniisha nguvu. Hakunigombeza wala hakumsema yule kijana, akampigia daktari hapohapo, nikaambiwa nipumzike wiki tatu ndo niendelee. Akanieleza kuwa hii haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inajiweka kwenye mafuta ya mwili, ikizidi sana kalsiamu inajaa kwenye damu na figo zinaumia. Kwa hivo inanywewa na chakula chenye mafuta, na mtu asijinywee tu zaidi ya yuniti 4,000 kwa siku bila daktari.

Dozi ilipokwisha nikarudi kwake nikachukua vitamini D3 ya yuniti 1,000. Nikamuuliza ganda lake la nini, isije ikawa la nguruwe, akafungua maboksi matatu mpaka akapata lililoandikwa gelatini ya ng'ombe, na watu wako nyuma yangu wanasubiri! Akaniuliza pia uani kwetu jua linafika? Nikamwambia mie hukaa dirishani, kumbe kioo kinazuia ile miale inayotakiwa. Sasa saa tano tano hivi naparia samaki uani, mikono wazi mpaka juu, robo saa narudi kwenye cherehani.

Kasoro zipo, bei iko juu kidogo, hakuna pa kukaa, na matone ya vitamini D ya watoto wachanga nimeyafuata mara mbili hayapo. Dada'angu kajifungua juzi, ndo namtafutia, yule mama kaniambia nipite tena Jumamosi, ntakwenda.